Mjue Nzi wa Kwenu: Nasaba za Nzi wa Mchangani na Ugonjwa wa Kala-azar

Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ile ya kuchapishia barua ofisini. Ichovye katika mafuta ya mbarika mpaka ilowe, kisha jua linapozama ichomeke kwenye kijiti karibu na tundu la kichuguu. Asubuhi ukiirudia utakuta imenasa mchwa, mbu, vumbi na makapi, na katikati yao vidudu vya rangi ya mchanga, urefu wao milimita 2 au 3 tu, miili imejaa vinyweleo. Wakiwa hai wadudu hawa hutua huku mabawa yamesimama juu ya mgongo mfano wa herufi V, na ukiwashtua hudundadunda kwa miruko mifupi badala ya kupaa. Hao ndio nzi wa mchangani. Kwa mitego ya namna hiyo watafiti wamewanasa miaka mingi katika nyanda kavu za Kenya, na katika miili yao midogo wamesoma mambo ambayo mwenye boma, mchungaji na muuguzi wa zahanati wanastahili kuyajua.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wapo wanaomwita usubi, lakini jina hilo Watanzania wengi wamelizoea kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Huyu ni mwingine kabisa. Nzi wa mchangani hahitaji mto wala dimbwi. Hutaga mayai katika udongo wenye unyevunyevu na uozo: ndani ya nyufa za ardhi, mashimo ya wanyama, vichuguu, samadi ya zizini. Anayefukia madimbwi ili kumkomesha nzi huyu anajichosha bure; madimbwi yafukiwe kwa ajili ya mbu.

Anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yapevuke. Huanza kazi magharibi na kuendelea mpaka alfajiri, kimyakimya, bila ule mlio wa mbu unaokuamsha. Akiwa amebeba vimelea vya Leishmania, humwachia mtu vimelea hivyo anapomnyonya. Vimelea hivyo vilipewa jina la William Leishman, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye yeye na Charles Donovan, kila mmoja kivyake, walivitangaza mwaka 1903. Katika ukanda wetu, Leishmania donovani ndicho kimelea kinacholeta kala-azar: homa isiyoisha, wengu kuvimba mpaka tumbo linatokeza, mwili kukonda, damu kupungua. Asipotibiwa, mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo ndivyo inavyokuwa kwa zaidi ya asilimia 95 ya wasiotibiwa. Shirika hilo hilo linakadiria wagonjwa wapya 50,000 hadi 90,000 kila mwaka duniani, na katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 70 ya wanaoripotiwa wametoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Ugonjwa huu sasa ni wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Nzi wa kichuguu na nzi wa udongo mweusi

Duniani kuna spishi zipatazo 1,000 za nzi wa mchangani, na zinazojulikana kueneza vimelea hivi zimepita 90. Kwa kala-azar ya huku kwetu, wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni Phlebotomus martini, wa Kenya, Uganda, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Huyu ni wa kichuguu. Zile nguzo ndefu za udongo mwekundu zinazojengwa na mchwa zina matundu ya kupitishia hewa, na ndani yake joto na unyevu havibadiliki sana hata nje kukiwa na ukame wa kukausha visima. Mchana nzi hujificha humo, na giza likiingia hutoka kutafuta damu. Wa pili ni Phlebotomus orientalis, wa Sudan, Sudan Kusini na kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, anayependa misitu ya migunga na mijunju iliyoota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi.

Habari ya kichuguu haikuja kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kala-azar ililipuka Kitui na kuua watu wengi. Daktari R. B. Heisch aliona kwamba vichuguu vilikuwa karibu na watu waliougua, na kwamba wanaume walikuwa na desturi ya kukaa kando ya vichuguu jioni wakizungumza. Kumpata nzi mwenyewe kulichukua miaka. Mwaka 1962 Heisch, pamoja na Wijers na Minter, waliandika habari za msako huo, na P. martini ndiye aliyeelekezewa kidole.

Hapa ndipo ugumu unapoanza, na ndipo nasaba zinapoingia. P. martini ana ndugu zake wa karibu, P. celiae na P. vansomerenae. Madume yao hutofautishwa kwa umbo la viungo vya uzazi, lakini majike, ambao ndio wanaouma, wanafanana mno hata chini ya hadubini. Mtaalamu huchukua sindano nyembamba, hukata kichwa na ncha ya tumbo, huvibandika juu ya kioo na kuvikagua. Kifua anakiweka kwenye alkoholi. Katika kifua hicho kidogo kuliko punje ya ulezi mna DNA ya kutosha kusoma kipande cha herufi zipatazo 650, na kipande hicho ndicho kitambulisho cha spishi. Na kama jike alikuwa ameshiba, damu iliyomo tumboni mwake huweza kusema ni ya nani: mbuzi, ng'ombe, mbwa au mtu. Sijui njia nyingine ya kumhoji nzi ikakupa ushahidi wa uhakika kama huo.

Kama lahaja

Ukishajua spishi, bado hujamaliza. Ndani ya spishi moja mna koo. Mfikirie Mswahili wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja. Lugha yao ni moja, lakini Kiamu si Kimvita, wala Kimvita si Kiunguja. Penye safari nyingi maneno huchanganyika. Penye utengano kila upande hukuza ya kwake. Vinasaba vya nzi huenda vivyo hivyo. Nzi wakioana kati ya bonde na bonde, nasaba huchanganyika. Wakitenganishwa na mlima, ziwa au jangwa, kila kundi hukusanya mabadiliko yake madogomadogo, kizazi baada ya kizazi.

Na nzi wa mchangani hutenganishwa kwa urahisi, maana si mrukaji. Wengi huishi na kufa ndani ya mita mia chache kutoka walikozaliwa, na upepo kidogo tu huwatuliza chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza P. papatasi wa Sudan, nzi anayeeneza vidonda vya ngozi, ukaona kwamba hata makundi yasiyo mbali sana yalikuwa yameachana kinasaba. Ajabu ni kwamba nzi huyo huyo, vikilinganishwa vinasaba vya mitokondria, vile vinavyorithiwa kwa mama pekee, huonekana karibu sawa katika eneo kubwa kuanzia Afrika Kaskazini hadi Asia. Tofauti ilionekana watafiti walipohesabu vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia, ambavyo hubadilika upesi zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema nzi wa nchi nzima ni wamoja, muulize alipima kitu gani.

Ethiopia inatuonyesha jambo kubwa zaidi. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa vimelea vya kala-azar vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wa pande mbalimbali za nchi hiyo. Vya kaskazini vilikuwa ukoo mmoja na vya Sudan. Vya kusini vilikaa pamoja na vya Kenya. Kati yake kuna milima na Bonde la Ufa. Na mgawanyiko huo unalandana na wa nzi: kaskazini P. orientalis, kusini P. martini. Kimelea kinamfuata mwenyeji wake, na jina moja la ugonjwa, kala-azar, limebeba hadithi mbili zenye ardhi mbili na nzi wawili.

Kwa nini jambo hili likuhusu

Mtu anaweza kuuliza: mimi nina homa nyumbani, nasaba za nzi zitanisaidia nini? Zinasaidia kwenye dawa ya kuua nzi. Katika jimbo la Bihar nchini India, nyumba zilipuliziwa DDT kwa miongo mingi dhidi ya nzi wao, Phlebotomus argentipes. Nzi walianza kuizoea. Mwaka 2017 watafiti walieleza walichokikuta katika vinasaba vyao: badiliko dogo kwenye jeni inayotengeneza mlango wa sodiamu katika neva, mahali hasa ambapo DDT hushika. Nzi mwenye badiliko hilo hupuliziwa na akaendelea na maisha. India ilikuwa imeshahamia dawa za jamii ya pairethroidi. Lakini pairethroidi nazo hushika mlango ule ule, na pairethroidi ndizo zilizomo katika vyandarua vyetu vyenye dawa.

Sasa rudi kwenye zile koo. Kama nzi wa mabonde mawili wanaoana, usugu ukizaliwa bonde moja utafika la pili. Kama wametengana, bonde moja linaweza kuwa na nzi sugu huku la jirani dawa ingali inaua. Afisa wa afya wa kaunti hawezi kuyajua hayo kwa kusoma ripoti ya nchi nyingine. Anapaswa kuwanasa nzi wa kwake wakiwa hai, awatie katika chupa iliyopakwa dawa kwa kipimo maalumu, na kuhesabu wangapi wameanguka na baada ya muda gani. Ni kazi ya siku chache, na kwa maoni yangu hakuna kaunti yenye kala-azar inayopaswa kununua dawa ya kupulizia kabla ya kuifanya.

Yako pia mazoea ya nzi mwenyewe. Bangladesh ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023 kuwa imeitokomeza kala-azar kama tatizo la afya ya jamii, ya kwanza duniani. Ni sifa kubwa, na kupulizia dawa-ukoko ukutani kulikuwa sehemu ya ushindi huo, kwa sababu P. argentipes ni nzi wa nyumbani na wa zizini. P. martini ana kichuguu chake huko nje, na anamkuta mchungaji nje, na mtoto aliyelala uani kwa sababu ya joto. Kuichukua kampeni ya Bangladesh nzimanzima na kuileta Turkana ni kupuliza ukuta ambao nzi wetu hana shida nao sana.

Mfano wa Brazili ndio unaonigusa zaidi. Huko nzi anayeeneza ugonjwa huu ni Lutzomyia longipalpis. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mmoja, mpaka ilipogundulika kwamba madume ya sehemu tofauti hutoa harufu tofauti za kuwaita majike, na wanapopandana hupiga mabawa kwa midundo tofauti. Nzi wa Brazili, Kolombia na Kosta Rika walipozalishwa pamoja maabara, baadhi ya watoto walikuwa tasa. Lililoitwa nzi mmoja lilikuwa kundi la spishi zinazofanana sura. Baadaye wanasayansi walitengeneza harufu ya moja ya koo hizo, wakaitega kwenye mabanda ya kuku pamoja na dawa ya kuua wadudu, na maambukizi kwa mbwa yakapungua kwa karibu nusu. Harufu hiyo hiyo ukiitega kwenye ukoo mwingine, majike hawatakuja. Mtego mzuri umetegemea kumjua nzi wa mahali pale.

Hata mate ya nzi yana nasaba. Wale wa Kosta Rika wana mate yenye nguvu ndogo ya kutanua mishipa ya damu kuliko wenzao wa Brazili, na kimelea kinacholeta kala-azar Brazili, huko Kosta Rika huleta zaidi vinundu vya ngozi. Watafiti wamependekeza kwamba mate yanachangia tofauti hiyo.

La kufanya nyumbani na hospitalini

Basi uanze kwa kuangalia unakoishi. Kama kuna vichuguu vyenye matundu wazi karibu na boma, usikae juu yake wala kando yake kuanzia magharibi, na wafundishe watoto vivyo hivyo. Wachunga mbuzi hupenda kichuguu kwa sababu kinawapa mwinuko wa kutazama mifugo. Wakifanye cha mchana. Weka vitanda na mikeka ya kulalia mbali navyo kadiri uwezavyo. Kukibomoa kwa jembe hakumalizi kazi, kwa maana mchwa hukijenga upya. Kama unaishi kwenye udongo mweusi na migunga, jihadhari na kulala chini penye nyufa. Ziba nyufa za kuta kwa udongo na uondoe samadi karibu na mlango.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa, na ukishushe kabla giza halijaingia, kwa kuwa nzi hawakusubiri uende kulala. Neno "chenye dawa" ni la lazima. Nzi wa mchangani ni mdogo kuliko mbu na hupenya matundu ya chandarua kisicho na dawa. Utafiti uliofanywa katika nchi ya Wapokoti, upande wa Kenya na wa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008, uliona kwamba waliokuwa na vyandarua walipatwa na kala-azar kwa uchache zaidi. Kama unalala nje kwa joto, kifunge chandarua nje.

Homa ikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Kama umeshatibiwa malaria na homa haijaondoka, au tumbo la mtoto limevimba upande wa kushoto chini ya mbavu, sema waziwazi: naomba nipimwe kala-azar. Kuna kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu ya kidole, kiitwacho rK39, na majibu yake hutoka kabla hujachoka kungoja. Usianzie kwa mganga wa jadi. Chale za tumboni zinazochanjwa juu ya wengu huleta vidonda na kuvuja damu kwa mtu ambaye damu yake imekwisha pungua, na siku zinazopotea kwa mganga ndizo zinazoua. Matibabu yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa ukanda wetu mwaka 2010 ni sindano za dawa mbili, sodiamu stibogluconate na paromomycin, kwa siku 17. Zinauma, lakini usizikatishe. Hospitali ya Kacheliba huko Pokot Magharibi, kituo cha afya cha Kimalel huko Baringo, na hospitali ya Amudat ng'ambo ya mpaka, Uganda, zimekuwa zikiwatibu wagonjwa hawa kwa miaka mingi na wahudumu wao wanaujua ugonjwa.

Ukiugua ukiwa mbali na kwenu, mwambie daktari umelala wapi miezi iliyopita. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi, madereva, wafanyabiashara wa mifugo na askari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopiga kambi kaskazini mwa Ziwa Turkana waliugua kala-azar, ugonjwa ambao wengi wao hawakuwa nao makwao. Nzi amebaki kwenye kichuguu chake, lakini kimelea kinasafiri ndani yako na huweza kukaa miezi kabla ya kujionyesha. Daktari wa Mombasa au Nairobi asiyeambiwa hatalifikiria jina hilo upesi.

Baada ya kupona, wengine hutokwa na madoa au vipele usoni na mwilini. Rudi hospitali, kwa sababu nzi akinyonya kwenye ngozi hiyo anaweza kuchukua vimelea na kuvipeleka kwa jirani. Na kidonda cha ngozi kisichopona nacho kionyeshe. Kule Baringo kuna Phlebotomus duboscqi, anayeishi katika mashimo ya panya na kueneza kimelea cha vidonda. Mapango ya karibu na Gilgil yana P. guggisbergi na kimelea chake. Mlima Elgon una P. pedifer katika mapango ya pimbi, na cha kwake. Ukimhesabu na P. martini: nchi moja, nzi wanne, magonjwa yasiyofanana.

Mwezi Januari 2023 maafisa wa afya wa nchi za ukanda huu walikutana Nairobi na kukubaliana kuitokomeza kala-azar kwa mpango wa pamoja. Mpango huo utatekelezwa bonde kwa bonde, na utahitaji kuwajua nzi wa kila bonde. Watafiti wakija kuomba kutega karatasi zao za mafuta kwenye kichuguu cha boma lako, wakubalie. Kisha waulize siku watakayorudi kukwambia walichokipata, na waifanye ahadi hiyo mbele ya chifu na wazee.